Kikannada kimeshinda London, nikakumbuka kwetu

Jamani hii habari nimekaa nayo muda, leo acha niiandike. Hapa Leicester nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mwenzangu ni dada mmoja wa Kihindi, kwao Karnataka. Mei 2025, usiku saa 9 hivi, wazee wamelala wote, namkuta jikoni kashika simu machozi yanamtoka, chai imepoa mpaka imefanya utando. Nikajua msiba. Namuuliza vipi dada, kuna nini nyumbani? Akacheka huku analia, eti mwandishi wao Banu Mushtaq kapata International Booker, ile tuzo ya London ya vitabu vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza!

Mimi nilikuwa namjua Tagore wa Nobel ya 1913 na Arundhati Roy wa Booker ya 1997, basi. Kumbe huyu mama ni wakili wa mji wa Hassan, anaandika hadithi fupi za wanawake wa Kiislamu wa kusini mwa India, na anaandika kwa Kikannada, lugha aliyonyonya nayo huyu dada. Kitabu chake Heart Lamp kina hadithi 12 za zaidi ya miaka 30, na hakuna cha Kikannada kilichowahi kushinda kabla yake, Kihindi chenyewe kilipata 2022 tu kwa Geetanjali Shree.

Sasa kilichonigusa: zile pauni 50,000 za tuzo wanagawana nusu kwa nusu na mfasiri, Deepa Bhasthi. Nusu kwa nusu jamani! Na maneno mengine ya kwao kayaacha vilevile, hakuyaweka kwa herufi za mlazo wala kuyawekea maelezo chini ya ukurasa.

Mzee wetu Gurnah alipopata Nobel 2021 nilishangilia mpaka sauti ikakauka, ila yeye kaandika kwa Kiingereza, riwaya yake Paradise tumekuja kuisoma kama Peponi 2022 kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Njia ya kutoka Kiswahili kwenda nje ndo nyembamba. Yule dada aliniuliza, kwenu niwasome kina nani? Nikamtajia Kezilahabi, nikaanza kumsimulia Rosa Mistika, binti wa Ukerewe, mpaka kukapambazuka.

Riwaya ya 1971 hiyo, na kwa Kiingereza imetoka 2025. Kezilahabi alishafariki 2020, hakuiona, na hilo linaniuma kwelikweli. Nimemnunulia dada nakala, iko kwenye begi, Ijumaa tuna shifti pamoja.