Nilivyopanga swichi nne ziwe staki moja

Kabla ya kuchomeka kebo yoyote, nilishaamua swichi ipi (kifaa kinachounganisha kompyuta kwenye mtandao) itakuwa kiongozi. Staki ni swichi kadhaa zinazoendeshwa kama moja: anwani moja ya kuingilia, faili moja la mipangilio, kiongozi mmoja. Usipomchagua wewe, zitachaguana zenyewe.

Hizi zangu ni Catalyst za Cisco. Kipaumbele cha kuwa kiongozi huanzia 1 hadi 15, kikubwa ndicho hushinda, na zote hutoka kiwandani na 1. Zikilingana, hushinda yenye anwani ndogo zaidi ya MAC (namba ya utambulisho ambayo kifaa hupewa kiwandani), na mara nyingi hiyo ndiyo kuukuu kuliko zote. Kwa hiyo swichi ya juu niliipa 15, ya pili 14, nyingine nikaziacha. Nilifanya hivyo kila moja ikiwa peke yake, maana ukibadilisha kipaumbele staki ikiwa hewani, kiongozi aliyepo haondoki mpaka uchaguzi ufanyike tena.

Namba nazo nilizipanga mapema. Kila swichi mpya hujiita 1, na zikikutana zinagawana namba bila kujali ipi iko wapi kwenye raki. Mimi nilitaka Gi3/0/24 iwe poti ya 24 ya swichi ya tatu kutoka juu, mtu aione bila kuuliza. Amri ni switch 1 renumber 3, kisha unaiwasha upya. Fanya hivyo kabla ya kugusa poti, kwa sababu mipangilio hubaki kwenye namba ya zamani, haihami na kifaa.

Toleo la programu nilihakikisha ni lile lile kwa zote. Kuna njia ya kuacha staki ijisasishe yenyewe, ila siipendi.

Kebo za staki zilizunguka kama pete: kila swichi kwa jirani yake, ya mwisho ikarudi kwa ya kwanza. Nikachomoa moja makusudi. Amri ya show switch stack-ports ikaonyesha pande mbili ziko Down, kasi ya pete ikashuka nusu, lakini watumiaji hawakusikia kitu. Kebo ya pili ikikatika mahali pengine, staki inagawanyika vipande viwili vyenye anwani ile ile ya IP, na hapo ndipo vurugu huanza. Ndiyo maana kebo moja ikianguka siahirishi kuirudisha.

Njia za kwenda swichi kuu nilizitoa kwenye swichi mbili tofauti, zikaunganishwa kwa LACP, itifaki inayofanya kebo kadhaa zifanye kazi kama moja. Kuzitoa zote kwa kiongozi ni kumpa mtu mmoja funguo zote za nyumba.

Baadaye ilikuja ya tano. Niliandika switch 5 provision na aina yake, nikapanga poti zake kabla haijafungwa, kisha nikachomeka kebo za staki ikiwa imezimwa. Ikiwa imewaka, nayo hujiona kiongozi. Staki mbili zinashindana, na iliyoshindwa inajiwasha upya. Yangu iliwaka, ikakuta namba 5 inaisubiri, show switch ikaandika Ready.