Kusoma Hati za Kale Kunaanzia Kwenye Lugha

Katika idara nyingi za historia na fasihi, mwanafunzi wa uzamili huandika kwanza pendekezo la utafiti, kisha ndipo anapoulizwa kama anaijua lugha ya vyanzo vyake. Naamini utaratibu huo ugeuzwe, nami nimesadiki hivyo tangu nilipojifunza chuoni kusoma hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Mzawa wa Kiswahili hudhani kwamba akishazimudu herufi 28, kazi imekwisha. Kumbe ndipo inapoanza. Kiarabu hakina p wala ch, na irabu zake fupi ni tatu ilhali zetu ni tano; ndiyo maana waandishi wengi wa zamani walitumia alama ya irabu iitwayo kasra kwa i na e, ile ya dhumma kwa u na o, na herufi ba kwa b, p, na mara nyingi mb pia. Ba mbili zenye kasra zaweza kusomwa “bibi”, na zaweza vilevile kusomwa “pembe”.

Hapo humwokoa msomaji ujuzi wa ushairi wenyewe. Katika utenzi kila kipande kina mizani nane, vina vya vipande vitatu vya kwanza hulingana, na kina cha nne hurudiwa ubeti hata ubeti. Usomaji unaovunja kina, hata ukileta maana nzuri, hutiliwa shaka. Lahaja nayo ina neno lake. Asiyejua kwamba “mato” ya Kiamu, lahaja ya Lamu, ni macho ataona kosa pasipo na kosa, na, vibaya zaidi, atalisahihisha.

Wapo wanaosema kwamba matoleo ya herufi za Kirumi yanatosha. Yanasaidia, nami huyatumia, ila kila toleo limebeba maamuzi ya mhariri wake, na baadhi ya wahariri hao walikuwa wamisionari na maofisa wa kikoloni. Anayetegemea toleo peke yake hawezi kujua mhariri alibahatisha wapi.

Kwa hiyo ningependa mwaka mzima wa lugha utangulie pendekezo, uwe na alama zake, na hati zisomwe kwa sauti darasani pamoja na mwalimu. Kwa barua za Kiswahili zilizotoka Kilwa mwanzoni mwa karne ya 18 na kuhifadhiwa Goa, India, miongoni mwa kumbukumbu za Wareno, hata mwaka huo hautoshi: mtafiti atahitaji Kireno pia.