Televisheni bapa kwa nyumba za Mji Mkongwe

Anayekwenda Darajani kununua televisheni bapa huulizwa kwanza na muuzaji anataka inchi ngapi, na wengi hujibu kwa kuangalia mfuko wao au kwa kuangalia ya jirani. Mimi naona kwa sisi tunaokaa Mji Mkongwe jibu linatolewa na chumba. Dari za nyumba zetu za zamani zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, vyumba vingi vilijengwa virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa kiasi cha mita tatu. Ukishatoa nafasi ya kabati upande mmoja na makochi upande wa pili, mtazamaji anabaki umbali wa mita mbili au mbili na nusu kutoka kwenye kioo.

Mjomba wangu alikuwa ameshaazimia kununua ya inchi 65. Nikamwambia, "Mjomba, hii ukiitundika, mlango utafungukia wapi?" Inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe, si upana, hata hivyo televisheni ya inchi 65 ina upana wa karibu sentimita 144, ilhali ya inchi 43 haifiki hata mita moja. Isitoshe, mjomba anachotazama ni mpira na taarifa ya habari kupitia king'amuzi, na picha ya kawaida ikitandazwa kwenye kioo kikubwa huonekana kama imechujwa kwa chandarua. Maandishi ya 4K kwenye boksi yana maana ya nukta 3840 kwa 2160, yaani mara nne ya zile za HD kamili, lakini kwa kioo cha inchi 43 kinachotazamwa kutoka mita mbili na nusu, jicho la kawaida halioni tofauti yoyote. Hatuna haja ya kubabaishwa na maneno ya boksi. Sisi si wageni wa televisheni: visiwa hivi vya Zanzibar vilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990 kupata kituo chake cha kwanza.

Televisheni inayoitwa LED ni kioo cha LCD kinachomulikwa kwa vijitaa vilivyopangwa nyuma yake au kwenye kingo zake, na mara nyingi vijitaa hivyo ndivyo vinavyoungua, sauti ikabaki na picha ikapotea. Dukani huwashwa kwa mwangaza wa juu kabisa ili zipendeze, kwa hiyo ukifika nyumbani upunguze. Kabla ya kulipa, omba iwekwe picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, uangalie madoa na nukta zilizokufa.

Kwa zile zilizotumika, zinazoshushwa kutoka nje, geuza nyuma usome kibandiko. Iliyoandikwa volti 100 hadi 240 inafaa, na hata umeme ukipungua kidogo jioni huvumilia. Iliyotengenezwa kwa volti 100 pekee kwa ajili ya Japani, iache huko huko dukani. Kadhalika, ile isiyokuwa na DVB-T2 ndani, yaani kipokezi cha matangazo ya kidijitali ya antena, haitashika matangazo yetu ya antena bila ya king'amuzi.

La kutundika ukutani ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kuta zetu ni za mawe na chokaa, na msumari mfupi unaoishia kwenye lipu hung'oka na vumbi lake. Fundi anayejua kazi hutoboa mpaka alifikie jiwe, na huukwepa ukuta unaovuta maji kutoka chini, kwa sababu unyevu pamoja na hewa ya chumvi huzila saketi taratibu. Mjomba alichukua ya inchi 50, akaiweka juu ya kabati, ikaachwa nafasi nyuma yake ipite hewa. Risiti tuliyoikubali ni ile iliyoandikwa namba ileile iliyo kwenye kibandiko cha nyuma, maana bila ya hiyo waranti ya mwaka mmoja haidaiki.