Hatimaye funguo ziko mkononi

Jamani, tumenunua! Ghorofa ya pili huku Charlois, kusini mwa Rotterdam. Mtaa wa kawaida tu: duka la Mturuki kwenye kona, tramu inapita, baiskeli zimebanana mlangoni.

Mara nne tulikosa. Huku mara nyingi kila mnunuzi anaandika bei yake kwa siri, hujui mwenzako kaweka ngapi. Ya tano tukapata, halafu usingizi ukapotea. Sheria inakupa siku 3 za kughairi, na mimi zote nilizimaliza nikiwaza nguzo. Nyumba nyingi za zamani hapa zimesimama juu ya nguzo za mbao zilizozamishwa kwenye udongo laini. Maji ya ardhini yakishuka, mbao zinaanza kuoza. Ripoti ya msingi wa nyumba ilipotoka safi ndipo nikapumua.

Kwa notari, yule mwanasheria wa kuidhinisha hati za nyumba, tulienda na mkalimani, maana Kiholanzi changu ni cha sokoni.

Sasa ngazi! Zimesimama wima utadhani unakwea mnazi. Kochi limepitia dirishani, likivutwa kwa kamba. Mama kaona video, kauliza: "Na mimi nikija mwanangu, mtanivuta hivyo hivyo?"