Amboni, kule tone linakojenga jiwe

Bajaji ilitushusha Kiomoni, kijiji yalipo Mapango ya Amboni, saa tisa alasiri, mimi na mpwa wangu, kama kilomita nane kutoka Tanga mjini kwa barabara ya Horohoro. Saa hiyo niliichagua makusudi. Jua limeanza kulegea, na popo bado wamo ndani.

Kabla ya pango tulishuka kwanza mtoni. Wageni wengi wanaupita Mkulumuzi bila kuutazama, nami naona wanakosa nusu ya safari. Mto umeukata mwamba wa chokaa, ukaacha kuta zilizosimama wima, na mizizi ya miti imejikunja ndani ya nyufa kama kamba za katani. Ukishika ukuta unauhisi umekwaruza kiganja. Mwamba huu uliwahi kuwa matope ya chini ya bahari, yapata miaka milioni 150 iliyopita.

Mwongozaji wetu alikuwa mtu mzima, tukamwamkia. "Marahaba, wanangu. Tochi mbele, kichwa chini."

Mlangoni ni pana, kisha njia inabana hadi unatambaa kwa magoti. Dari ina mabakuli laini yaliyochongwa na maji enzi pango lote lilipokuwa limejaa. Mzee alitumulikia mawe yenye sura: meli, mamba, ramani ya Afrika. Mpwa wangu aliyafurahia. Tulipita pia penye mzimu, watu wanapokuja kuomba uzazi na kuacha sadaka zao. Hapo tulinyamaza, wala sikupiga picha.

Nilimuuliza kama ni kweli pango linatokea Mombasa, maana ndivyo nilivyosikia tangu utotoni. Akasema wazee husema hivyo, lakini waliokuja kupima mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja. Akatuonyesha pia wanakosemekana kujificha Otango na Paango, wanaotajwa kuwa wapiganaji wa Mau Mau, miaka ya 1950.

Kilichonisimamisha kilikuwa jiwe jembamba lililoning'inia, na tone moja kwenye ncha. Maji ya mvua yakipenya udongoni hubeba hewa ya ukaa, yanakuwa makali kidogo, yanaila chokaa njiani. Yakifika darini, hewa ile inatoka na chembe ya chokaa inabaki pale pale. Tone kwa tone, kwa maelfu ya miaka, jiwe linarefuka. Pembeni yake palikuwa na mengine meusi, yanayong'aa, yamekauka. Ni mikono yetu, mzee alisema. Mafuta ya ngozi yanalizuia tone kushika. Na juu yake watu wameandika majina yao kwa mkaa, wengine wamechimba kwa msumari. Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Mpwa wangu, aliyekuwa amenyoosha kidole, akaurudisha mkono mfukoni mwenyewe.

Tulitoka magharibi ikikaribia, tukakaa juu ya jiwe mdomoni mwa pango. Kwanza akatoka popo mmoja, akazunguka, akarudi. Halafu wakamwagika wote, mkondo mweusi juu ya vichwa vyetu kuelekea mtoni, na upepo wa mbawa zao tukauhisi usoni. Mzee alizima tochi. Mpwa wangu alikuwa akihesabu, akafika mia mbili, akaacha.