Kumbuka, umbuka, ibuka: kisanduku cha kutafutia kimekubali (karibu)

Imekubali. Jana usiku niliandika neno moja tu, *sikumbuki*, kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti yetu ya mbinu za kusoma, na ukurasa wa kwanza kutokea ukawa "Kwa nini tunasahau tulichosoma jana". Nikafuta, nikaandika *nilivyokumbuka*. Ukurasa uleule. Nikajaribu *tusipokumbuka*. Uleule. Nikainuka kitini nikazunguka chumba kizima kama mgombea aliyetangazwa mshindi, kisha nikarudi kujaribu tena nihakikishe siyo ndoto.

Mnaofuatilia mradi huu mnajua kisanduku hicho kimenitesa tangu tulipoongeza Kiswahili. Kiingereza kilikuwa sawa siku ya kwanza. Kifaransa kilinila nusu saa, maana watu wanaandika *memoire* bila alama wakati kurasa zina *mémoire*. Unazivua herufi alama zake pande zote mbili, kwenye kurasa na kwenye swali, kwisha kazi. Kiarabu ndicho nilichokiogopa kuliko vyote. Mwenzangu anayetafsiri upande huo akaniambia nisijisumbue, kikata maneno, yaani programu inayopunguza neno libaki mzizi wake, kipo tayari, nikakichomeka kikafanya kazi. Kiswahili, lugha ninayoota nayo, ndicho kilichonivua nguo hadharani.

Shida yenyewe ni hii. Vikata maneno vingi tunavyovitumia ni wajukuu wa kile alichokitoa Martin Porter mwaka 1980 kwa ajili ya Kiingereza, na kazi yao kubwa ni kukata mkia. *Study* na *studies* vyote vinaishia kuwa *studi*, basi vinakutana. Mkusanyiko wa vikata maneno uitwao Snowball, ambao Porter huyohuyo aliuanzisha, una Kiindonesia, una Kitamil, una Kibaski. Nilipitia orodha juu mpaka chini, Kiswahili sikukiona. Hata kingekuwepo kwa mtindo uleule kisingesaidia, kwa sababu sisi mizigo tunaibeba mbele. *Hawakusoma, tutakaposoma, anayesoma, nimeshasoma*: soma amekaa nyuma kabisa kama abiria aliyechelewa. Na ile hila ya kumalizia neno kadiri mtu anavyoandika ndiyo haina maana kabisa. Ukiandika *som* unaletewa soma, somo na somea, lakini *anayesoma* haumwoni ng'o.

Jaribio la kwanza lilikuwa la uvivu, na siombi radhi, uvivu ndio huanzisha mambo mengi mazuri. SQLite, programu ya hifadhidata, tangu toleo la 3.34, la Desemba 2020, ina namna ya kukatakata maneno vipande vya herufi tatu tatu ndani ya FTS5, sehemu yake ya kutafutia maandishi, hivyo unaweza kutafuta kipande chochote kilichojificha katikati ya neno. Nikahamishia huko faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa yanamopatikana. *Soma* ikapatikana ndani ya *hawakusoma* bila mimi kuandika hata mstari mmoja wa sarufi. Nilifurahi kwa muda wa chai moja. Nikaandika *lala*, nikitegemea ukurasa wetu wa usingizi na kusoma, nikaletewa ukurasa wa jinsi ya kuwasilisha malalamiko kuhusu alama za mtihani. Ma-*lala*-miko. Kweli imo.

Hilo ningelivumilia. Nisiloweza kulivumilia ni kwamba njia hiyo inakwenda upande mmoja tu. Inaona *soma* ndani ya *hawakusoma*, lakini mtu akiandika *hawakusoma* haimpelekei ukurasa wenye *soma*. Na wanafunzi hawaandiki mizizi! Hakuna mtu mwenye shida anayekaa akaandika "elewa". Anaandika *nasoma lakini sielewi*, anabonyeza, anasubiri. Tukimjibu "hakuna kilichopatikana", kwake maana yake ni kwamba hata sisi tumemshindwa.

Basi nikaandika kikata maneno changu mwenyewe. Mtindo wa panga: orodha ya viambishi awali vyote ninavyovijua, ukikuta kimoja mwanzoni mwa neno unakata, unarudia mpaka visiwepo. Kabla sijaweka kikomo kwamba kinachobaki kisipungue herufi nne, *tulia* ilikuwa inakatwa *tu* inabaki *lia*, na ukurasa wa kutulia kabla ya mtihani ukawa wa kulia kabla ya mtihani. Nikaweka kikomo. Mambo yakanyooka. Nikapandisha kwenye seva, nikalala vizuri.

Siku mbili baadaye mwenzangu wa Kiarabu ananiandikia: "Ndugu yangu, nimetafuta *kukumbuka* nikaletewa ukurasa wa aibu. Ndivyo mlivyokusudia?"

Nikaenda kuangalia. Ni kweli, matokeo ya kwanza ni "Kuuliza swali bila kuogopa kuumbuka mbele ya darasa". Ya pili, "Mawazo yanapoibuka katikati ya kusoma". Ukurasa wa kumbukumbu wenyewe uko wa sita. Nikachukua karatasi na kalamu nikafuatilia panga langu linavyopita:

kukumbuka, toa *ku*, kumbuka, toa *ku*, mbuka, toa *m*, buka.
kuumbuka, toa *ku*, umbuka, toa *u*, mbuka, toa *m*, buka.
yanapoibuka, toa *ya*, *na*, *po*, *i*, buka.

Kumbuka, umbuka na ibuka zote zimeingia chungu kimoja. Nashukuru hatuna ukurasa wa masikio yaliyozibuka, maana nao ungekaribishwa. Na katika maneno yote ya Kiswahili, lililoniangusha ni *kumbuka*, kwenye tovuti ambayo kazi yake ni kufundisha watu kukumbuka.

Mnaojua kazi hii mtasema haidhuru mzizi usipokuwa neno halisi, alimradi pande zote mbili zikatwe sawasawa. Ni kweli, *studi* nayo si neno. Lakini *studi* haigongani na mtu. Kwetu silabi za viambishi ndizo hizohizo zinazojenga mizizi: ku, ki, ma, u, ka, ta, li. Panga haliwezi kujua *ku* ipi ni mlango na *ku* ipi ni nguzo ya nyumba.

Mkiani nako kulikuwa na uchafu wake. Nilikuwa nakata *ni* ya mahali ili *darasani* ikutane na *darasa*. Ikafanya hivyo kwa uaminifu, na *mtihani* ikawa *mtiha*.

Kilichofanya kazi mwishowe ni jambo la kijinga hata naona haya kuliandika: tazama kwanza, ndipo ukate. Nilichota maneno yote yaliyomo kwenye kurasa zetu za Kiswahili, nikayapanga, nikakaa jioni nne nikichambua mizizi kwa mkono. Mizizi ya vitenzi haikufika mia tano. Tovuti ya mbinu za kusoma inazungumza mambo machache: soma, andika, rudia, kariri, elewa, sahau, panga, pumzika na ndugu zao. Sasa programu kabla ya kukata chochote inauliza kama neno limo kwenye orodha. Likiwemo, mkono chini. Lisipokuwemo, inakata kiambishi kimoja, inauliza tena. *Kumbuka* imo, haiguswi. *Kuumbuka* haimo, inatolewa *ku*, *umbuka* imo, simama hapo. *Mtihani* imo, imebaki na mkia wake.

Na haikati ovyo tena. Inafuata nafasi: kwanza mtenda au ukanushi, kisha wakati, kisha rejeshi, kisha mtendwa, na haina ruhusa ya kurudi nyuma. Ilibidi nikumbushwe vitu ambavyo mdomo unavijua bila kufikiri, mfano kwamba *ta* ikifuatwa na rejeshi inageuka *taka*, la sivyo *tutakaposoma* inakwama njiani. Kwa ukanushi inajaribu pia kugeuza irabu ya mwisho: *sikumbuki*, toa *si*, *kumbuki* haimo, geuza, *kumbuka* imo. Vitenzi tulivyochukua Kiarabuni havina habari na kugeuka, *sijaribu* ni *jaribu* na *sisahau* ni *sahau*, kwa hiyo inauliza bila kugeuza kwanza. Usipofuata mpangilio huo itakutafutia *jariba* mpaka asubuhi.

Kuhusu zana, maoni yangu yasiyoombwa: majaribio yote yamo kwenye faili moja la maandishi matupu, kila mstari una neno kushoto na mzizi unaotarajiwa kulia, basi. Niliwahi kutumia maktaba moja kubwa ya majaribio yenye rangi na ripoti, nikawa nasoma maelekezo yake kuliko ninavyoandika majaribio. Faili la maandishi hata mwenzangu asiyejua msimbo analifungua anaongeza neno. Tayari ameongeza kumi na moja, na manne kati yake yaliniharibia siku. Na faharasa nimeirudisha kwenye faili moja inayopakuliwa na kivinjari cha msomaji, kwa sababu tovuti ni ya bure na sitaki seva inayofanya hesabu kila mtu anapobonyeza.

Sasa ungamo. Mwezi huu haukuwa wa kazi hii. Niliahidi kwamba ningemaliza kisanduku kingine, kile cha kadi cha Sebastian Leitner: ukipata jibu kadi inapanda chumba cha mbele, ukikosa inarudi cha kwanza, na kila chumba kinapitiwa kwa nadra kuliko kilichokitangulia. Michoro ipo, maneno ya Kiswahili na Kifaransa yapo, hesabu ya siku nimeifikisha nusu. Kurasa za Kireno pia niliziahidi. Vyote vimelala, na nadhani vitaendelea kulala kidogo, kwa sababu nilipokuwa nashughulikia kutafuta nilianza kuhifadhi maneno yaliyotafutwa yasipate kitu. Maneno tu, bila kujua nani kayaandika.

Hiyo orodha imenibadilisha mpango mzima. Nilidhani nitaona majina ya mbinu yaliyoandikwa vibaya. Sikuona jina la mbinu hata moja. Niliona *nasinzia nikishika kitabu*. Niliona *nimekata tamaa na hesabu*. Niliona *nasoma sana mtihani ukifika nasahau yote*, kwa namna tano au sita tofauti za kuiandika.

Huyo wa mwisho tuna ukurasa wake kabisa! Unaitwa "Kujipima bila kuangalia daftari", na ndio ninaouonea fahari kuliko zote. Umeeleza jaribio la Roediger na Karpicke la 2006: walioyasoma maandishi tena walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliokuwa wamejipima ndio waliokumbuka zaidi. Yaani ni jibu kamili la huyo mtu, mpaka na sababu ya yeye kujidanganya usiku wa kuamkia mtihani kwamba kila kitu kimekaa. Lakini ili aufikie, anatakiwa aandike "kujipima". Angekuwa anajua neno hilo asingekuwa na shida hiyo. Hata jana, kwenye ushindi wangu wa *sikumbuki*, ukurasa huo ulitokea wa tatu, kwa sababu tumeujaza neno letu sisi, siyo lake yeye.

Kwa hiyo ninachofanya sasa, badala ya vyote nilivyoahidi, ni kuupa kila ukurasa maneno ya kilio. Ni mistari mitano hadi kumi ambayo msomaji haioni, imeandikwa kama mtu aliyechoka anavyoandika, kwa kila lugha kivyake. Siyo tafsiri. Nilijaribu kutafsiri za Kiswahili kwenda Kifaransa, anayetusaidia upande huo akacheka, akaniambia hakuna mwanafunzi wa Kifaransa anayelia hivyo. Amezifuta zote ameandika zake.

Jaribio moja limebaki jekundu, yaani halijafaulu, na nililiona leo asubuhi tu. Mtu ameandika *halali*. Panga la zamani lingetoa *ha*, lingegeuza *lali* kuwa *lala*, lingempeleka kwenye usingizi. Programu mpya inaiona *halali* kwenye orodha, kwa sababu tuna ukurasa unaosema kunakili majibu ya mwenzako si halali, kwa hiyo mkono chini, inampeleka huko. Ndivyo nilivyoiagiza. Nikaenda kwenye orodha nikaangalia swali lenyewe lote lilivyoandikwa: *mtoto halali anasoma usiku kucha nifanyeje*.

Nimeongeza mstari kwenye faili la majaribio, *halali* kushoto, na kulia nimeandika mizizi miwili. Programu haijui kurudisha miwili. Mzazi yule nimemwandikia ukurasa wake kwanza.