Elizabeth de Clare, dada aliyebaki na machozi kwenye ngao

Wiki iliyopita nilikuwa Caerphilly kule Wales, nimesimama chini ya ule mnara uliolala upande, yaani umeinama kuliko hata wa Pisa na bado upo tu. Ngome yenyewe ni kubwa jamani, maji kila upande, nimezunguka mpaka miguu ikauma. Aliyeanza kuijenga mwaka 1268 ni Gilbert de Clare, yule waliyemwita Gilbert Mwekundu, na watu wote pale walikuwa wanapiga picha ya mnara, ila mimi akili yangu yote ilikuwa kwa binti yake mdogo, Elizabeth, ambaye naona hatajwi inavyostahili.

Ukoo huu ulitajirika baada ya William kuiteka Uingereza 1066, walipewa Clare kule Suffolk na Tonbridge kule Kent, halafu wakaongeza na kuongeza mpaka Wales na Ireland. Sasa mwaka 1314 kaka yake Elizabeth, naye Gilbert, akauawa vitani Bannockburn kule Scotland, kijana wa miaka 23, hana mtoto. Sheria yao ilikuwa hivi, akiwepo mtoto wa kiume mkubwa anabeba ardhi yote, lakini wakibaki wanawake watupu wanagawana sawasawa. Basi mali ikawa ya dada watatu, Eleanor, Margaret na Elizabeth.

Hapo ndipo mambo yakachemka. Mjane wa marehemu akasema ana mimba, basi mgawanyo ukasimama, watu wanasubiri mtoto, miezi tisa ikapita, mwaka ukapita, mtoto haji, na mali haikugawanywa mpaka 1317. Wakati huohuo Elizabeth, mjane mbichi wa de Burgh, mume wake wa kwanza, tayari ananyemelewa kwa sababu ya urithi, mwaka 1316 Theobald de Verdun akamchukua kutoka ngome ya Bristol na kumuoa, miezi michache baadaye naye akafa, halafu mfalme Edward II, ambaye ni mjomba wake kabisa, akamwozesha kwa rafiki yake Roger Damory. Huyo naye akaasi akafa 1322. Waume watatu wote kaburini na mwenyewe hajafika miaka 30.

Na aliyemuumiza zaidi ni shemeji yake, Hugh Despenser, mume wa Eleanor. Huyu bwana fungu la mke wake halikumtosha. Alikuwa kipenzi cha mfalme, basi Elizabeth akafungiwa kwenye nyumba ya watawa Barking, akabanwa aachie Usk, ardhi nzuri ya Wales, apewe Gower ambayo thamani yake ni ndogo, halafu hata hiyo Gower akaja kunyang'anywa. Kinachonigusa ni kwamba Mei 1326, Hugh bado ana nguvu zote, Elizabeth aliandikisha malalamiko yake kwa siri pale Clare, kila alichofanyiwa na jinsi alivyolazimishwa, akayahifadhi. Novemba mwaka huohuo Hugh akanyongwa Hereford, na mwaka uliofuata mama wa watu akarudishiwa Usk yake.

Hakuolewa tena. Aliishi kama mjane miaka zaidi ya 30, akiendesha mali yake mwenyewe, na alikuwa anaingiza zaidi ya paundi 2,000 kwa mwaka, hela nyingi mno enzi hizo. Vitabu vyake vya hesabu za nyumbani vingine vipo hadi leo. Halafu kule Cambridge kulikuwa na hosteli ya wanafunzi iliyokuwa hoi kifedha, akaichukua mwaka 1338, akaipa ardhi na jina la ukoo wake, ndiyo hii leo wanaiita Clare College. Mwaka 1359 akaipa kanuni zake, na ndani yake akataja jinsi tauni ilivyomaliza watu na wasomi kupungua, kwa hiyo alijua kabisa anaziba pengo gani. Mwaka uliofuata akafariki.

Pale Clare kwenyewe ngome imebaki kilima na kipande cha ukuta, karne ya 19 wakapitisha reli katikati ya uwanja wake. Lakini kaitazame ngao ya chuo. Upande mmoja mistari mitatu myekundu ya akina de Clare, upande wa pili msalaba mwekundu wa de Burgh, mume wake wa kwanza, na kuzunguka yote kuna ukingo mweusi wenye matone ya dhahabu. Wanasema ni machozi.